Staa Kanunua Ng'ombe wa Mzee kwa Ahadi, Kamuuza kwa Kilo. Na Nyie Mnampigia Makofi!

Ni mimi tena, mtoto wa Ilembula, bando limebaki kiduchu na moyo umejaa.

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo nina ng'ombe. Usicheke kwanza, soma mpaka mwisho, utajikuta umo.

Mnaikumbuka ile video? Staa mmoja wa vichekesho, jina ninalo ila silitaji, kwa sababu nikilitaja tutaanza vita ya mashabiki na hoja itakufa. Jamaa ana asili ya mkoa wetu huu huu wa Njombe, na kila akija kusalimia kwao lazima simu iwe inarekodi. Safari hii alifika mpaka huku kwetu. Akaingia zizini kwa mzee mmoja, akamshika pembe maksai mwenye doa jeupe kichwani, akatoa hela mfukoni, akazihesabu mbele ya kamera, akasema amemnunua ili "asiishie kwenye sufuria, astaafu kwa heshima". Muziki wa huzuni ukaingia. Mzee akafuta jicho. Video ikaisha.

Ilisambaa balaa. Mliandika "huyu ndiye binadamu", mliandika "Mungu akuzidishie kaka". Na mimi, aibu yangu naisema mwenyewe, niliisambaza nikaweka na mioyo mitatu.

Wiki tatu baadaye yule ng'ombe alikuwa mnadani.

Kijana aliyemswaga nimesoma naye. Kaniambia bei aliyouzwa: 920,000. Mnunuzi: mwenye bucha. Sikuridhika na mdomo mmoja, nikampigia mwingine aliyekuwepo siku hiyo, naye kasema hivyo hivyo: doa jeupe kichwani, pembe ya kushoto imekatika ncha. Nikamwandikia staa DM nimuulize kama kuna maelezo mengine. Ameiona. Kimya. Akinijibu nitaliweka jibu lake hapa hapa kama lilivyo, sitapunguza kitu.

Sasa bei aliyomnunulia ni ipi? Laki nne na nusu. 450,000. Toa mwenyewe.

MZEE SIO MJINGA

Nilipoandika kidogo kuhusu hii ishu juzi, mdau mmoja akaniandikia: "Kosa la mzee, kwa nini hakujua bei ya soko?" Mwingine akamalizia kabisa: "Wazee wa kijijini ndio maana wanapigwa." Hizo komenti zilipata laiki nyingi kuliko posti yenyewe.

Basi ngoja niwaambie huyo mzee ni nani. Kwangu ni baba mkubwa, tumepakana mashamba. Huyo ng'ombe anaitwa Kofia, kwa sababu ya doa lake. Nilikuwa kidato cha tatu, likizo ya Desemba, mvua zimeanza, baba mkubwa akaniita nimshike Kofia kamba mbele wakati anafundishwa plau. Alikuwa na miaka mitatu, kichwa kigumu kama mimi. Siku ya kwanza alinivuta mpaka kwenye migomba. Mwisho wa msimu alikuwa anageuka mwenyewe mwisho wa mstari bila mtu kumshika. Mwaka uliofuata tayari yeye ndiye anatembea ndani ya mfereji, upande ule mgumu, na mwenzake Dola anamfuata. Wale wawili wamelima hilo bonde miaka karibu nane. Shamba la mama yangu pia.

Mwaka jana Dola akafa kwa ugonjwa. Baba mkubwa magoti yamechoka, hawezi tena kukimbizana na plau. Na ng'ombe mmoja wa nira bila mwenzake ni kama ndala moja. Msimu unaingia, mbolea haijanunuliwa. Ndio akaamua auze.

Nilikwenda kumwona baada ya kusikia habari za mnada.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa habari za Kofia."

Hakuniuliza, alinieleza tu. Akaniambia kitu ambacho hakimo kwenye video. Wiki moja kabla staa hajaja, mwenye bucha alipita hapo nyumbani na kutaja 880,000, hela mkononi. Mzee akakataa. Alisema anatafuta mtu wa kumlimisha, au hata wa kumfundishia ndama wake, kwa sababu nguvu bado anazo. Ndipo akaja staa na kamera yake. Akaanza kwa kusema hatamchinja, atampeleka shambani kwake akale majani mpaka afe. Mzee akataja laki nane. Staa akasema: "Mzee, mimi simnunui kwa nyama, namnunua kwa huruma. Nipunguzie." Mzee akapunguza.

"Nilimpunguzia kwa sababu alisema hatachinjwa," ndivyo alivyoniambia. "Ile tofauti ilikuwa yangu mimi kwa Kofia."

Rudia hiyo sentensi taratibu. Mzee alikuwa anaijua bei ya soko kuliko wewe unayeandika komenti ukiwa Sinza. Aliipokea nyumbani kwake, kwa mdomo wa mwenye bucha, akaikataa. Kutoka 880,000 mpaka 450,000 ni 430,000. Hiyo hela alimlipia ng'ombe wake uzee. Na staa ndiye aliyeipokea ili ampelekee.

Hajampelekea.

BEI YA NG'OMBE MZEE INATOKA WAPI

Wengi mnadhani mnyama akishazeeka bei ni yoyote tu, kama simu iliyopasuka kioo. "Bei ni maelewano, njoo DM." Hapana. Kuna hesabu, na sio ngumu. Mimi hesabu nilipata F lakini hii naiweza.

Kwanza kuna sakafu. Sakafu ni nyama. Ng'ombe akichinjwa, takribani nusu ya uzito wake aliokuwa nao hai ndiyo inayobaki kuwa nyama na mifupa ya kuuza. Nilimpigia mwenye bucha mmoja wa Makambako nikamweleza umbo la Kofia, akasema huyo anatoa kama kilo 130. Kwa 10,000 kilo moja, bucha inaingiza 1,300,000. Toa usafiri, ushuru, mchinjaji, mfupa usionunulika na faida yake. Ndio maana anamnunua kwa 850,000 hadi 900,000. Kwa hiyo yeyote anayetaja chini ya hapo kwa ng'ombe mzima asiyeumwa, bila ahadi yoyote nyuma yake, anamlalia mwenye mali. Tuchukue 850,000.

Pili kuna kazi iliyobaki. Kofia ana miaka kumi na moja. Baba mkubwa mwenyewe anasema alikuwa na misimu miwili mizuri bado. Shamba la mama mwaka jana tulilimiwa kwa 60,000 heka moja. Hiyo hela inagawanyika: ng'ombe wawili, plau, na watu. Mpe ng'ombe mmoja robo, ni 15,000. Heka 15 kwa msimu, misimu miwili, ni heka 30. Mara 15,000 unapata 450,000. Na baada ya hiyo misimu miwili bado nyama ipo, hajayeyuka.

Tatu kuna hatari na matunzo. Anaweza kuumwa kama Dola. Anahitaji dawa ya minyoo, kuogeshwa, chanjo, malisho ya kiangazi. Na mzee akikonda, kurudisha mwili ni shida. Toa 250,000, na nimetoa kwa ukarimu.

850,000 jumlisha 450,000 toa 250,000. Jibu ni 1,050,000.

Hiyo ndiyo bei ya haki ya Kofia kwa mtu anayetaka kumlimisha. Baba mkubwa angetaja milioni na nusu ningemwambia baba mkubwa hapo unaota, hiyo ni bei ya maksai wa miaka sita aliyeiva. Akitaja laki nane kama alivyotaja, tayari alikuwa ameshapunguza kabla hajaombwa. Wazee wetu ndivyo walivyo.

Na kuna kitu hakiingii vizuri kwenye hesabu: ualimu. Ukimfunga ndama mbishi nira moja na mzee kama Kofia, ndama anafundishwa na mwenzake. Mzee akigeuka, naye anageuka. Mzee akisimama, naye anasimama. Mwenye vijana wa ng'ombe wawili watatu angelipia hilo darasa vizuri sana.

HATA FARASI WA MASHINDANO WANA KESI HII

Nilivyokuwa natafuta mtandaoni watu wengine wanapangaje bei ya mnyama mzee wa kazi, nikaangukia kwa wenye farasi wa mashindano. Wale wa Ulaya na Marekani wanaoruka viunzi. Aisee, nikajikuta nasoma mpaka usiku wa manane, kwa sababu wanagombana kuhusu kitu kile kile cha baba mkubwa.

Farasi anaweza kuishi miaka 25, hata 30. Akifika kama miaka 17 mara nyingi hawezi tena kuruka vile viunzi virefu vya ujana wake. Bei inashuka. Lakini haishuki mpaka sifuri, kwa sababu farasi mzee aliyeshindana sana anajua kazi, hashtuki ovyo, na mtoto anayeanza kujifunza anapanda bila kuvunjika shingo. Farasi mzee anamfundisha mpandaji. Umeona? Ni Kofia na ndama, ila huku wamevaa helmeti.

Sasa angalia wanavyouziana. Mnunuzi analeta daktari wake mwenyewe wa mifugo, asiyekula mkono mmoja na muuzaji. Daktari anasikiliza moyo, anaangalia macho, anakunja mguu na kuushikilia kwa muda, halafu farasi anakimbizwa mchakamchaka waone kama anachechemea. Wakitaka wanapiga na eksirei. Muuzaji anatakiwa aseme ukweli: goti hili lilishawahi kuumia, dawa hii anatumia. Uingereza kila farasi lazima awe na pasipoti. Ndiyo, farasi ana pasipoti na wewe huna! Na humo inaweza kuandikwa kwamba huyu asiliwe na binadamu, na ikishaandikwa haifutwi tena.

Lakini kilichonigusa ni hiki. Wauzaji wengi wa farasi wazee wanakubali bei ndogo, wengine wanampa mtu bure kabisa, kwa masharti ya ahadi: utamtunza, hutamlangua. Na wamo wanaolia kama baba mkubwa, farasi kachukuliwa kwa machozi na huruma, mwezi haujaisha yuko kwenye tangazo lingine kwa bei mara tatu. Ndio maana waliochomwa wakajifunza kuandika kwenye mkataba: ukitaka kumuuza, unirudishie mimi kwanza. Wengine hawauzi kabisa, wanaazima. Mnyama anakaa kwako, unamtumia, unamlisha, lakini mwenyewe ni mimi.

Huhitaji kwenda mpaka Ulaya. Nairobi kuna uwanja wa mbio za farasi pale Ngong. Farasi wa mbio anaanza kukimbia akiwa na miaka miwili tu, kwa hiyo anaitwa mzee wa mbio wakati maisha yake ndio kwanza yanaanza. Lazima mtu akae aamue huyu sasa anakwenda wapi na kwa bei gani. Lamu nako wanashindanisha punda wakati wa Maulidi, umati unajaa ufukweni kushangilia, na kesho yake punda anarudi kwenye kubeba mawe na mchanga. Ukimuuza punda aliyewahi kuwa bingwa, unauza nini? Mbio ambazo hatakimbia tena, au mgongo ambao bado unabeba? Jibu ni lile lile la Kofia: unauza kilichobaki, kwa ukweli, na unakubaliana mwisho wake.

"SI ALIKUBALI MWENYEWE?"

Haya, nazijua komenti zenu kabla hamjaziandika.

"Si alikubali mwenyewe, nani kamshikia panga?" Alikubali laki nne na nusu pamoja na ahadi. Hakukubali laki nne na nusu peke yake. Ukinunua gari kwa milioni tano, ukalipa mbili, na zilizobaki ukasema utalipa kwa kumfundisha mtoto wangu Kiingereza, halafu hukumfundisha, unadaiwa milioni tatu. Hapa ni hivyo hivyo. Ahadi ilikuwa sehemu ya malipo. Asipoitimiza, ni deni.

"Ng'ombe akinunuliwa ni mali ya aliyenunua." Kisheria sawa, sibishi. Ipo sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2008, inakataza kumtesa mnyama, haisemi chochote kuhusu kumlalia mzee. Lakini kuna mambo mengi hayana askari na bado ni wizi.

"Ng'ombe kazi yake ni kuliwa, acha usista duu." Ndugu yangu, mimi nakula nyama. Nikienda Makambako stendi mishikaki inanijua kwa jina. Sijasema Kofia asichinjwe. Baba mkubwa angeamua kumuuza kwa mwenye bucha kwa 880,000 nisingeandika hata mstari mmoja. Ingekuwa biashara safi: bei ya nyama kwa nyama. Kilichonikera ni kulipa bei ya huruma na kuuza bei ya nyama. Chagua moja.

"Labda alipata shida ya hela." Labda. Basi namba ya mzee anayo. Angepiga akasema mzee nimekwama, mchukue ng'ombe wako unirudishie laki nne na nusu zangu. Mzee angemkopa mtu, angempata huyo mwenye bucha, angejua mwenyewe. Hakupigiwa.

Na kuna ile komenti inayonichoma kuliko zote: "Mzee si kapata umaarufu lakini." Umaarufu! Baba mkubwa ana simu ya vitufe. Umaarufu wake ameusikia kwa watoto wa jirani. Mbolea haipimwi kwa watazamaji. Tena hii tabia tunaijua, wadau. Si ndiyo ile ile ya wasanii wetu wakongwe? Anaitwa kwenye shoo, anaimbisha ukumbi mzima nyimbo za ujana wetu, mwisho anapewa nauli na kuambiwa "tumekuweka tena mjini mzee". Tunapenda sana kazi za wazee. Bei zao ndiyo hatuzipendi.

NA SISI WAUZAJI TUSIJIFANYE MALAIKA

Sasa nisije nikaonekana nimemchoma staa peke yake. Nyumbani kwetu kuna kesi.

Mwaka 2019 baba yangu mzazi aliuza maksai mwenye kidonda cha bega, pale nira inapokaa. Kidonda kilikuwa kimekauka juu, ndani bado. Siku ya mnunuzi kuja, nilitumwa nimsugue ng'ombe majivu na vumbi bega zima, manyoya yakae sawa. Nilijua kwa nini. Nilisugua. Mnunuzi alikuwa baba mtu mzima katoka kijiji cha mbali kwa miguu, akamtazama meno, akamtembeza, akaridhika, akalipa bei ya ng'ombe mzima. Wiki ya pili akarudi naye. Bega limefumuka. Hakutukana. Alimfunga tu kwenye mti wa uani kwetu, akakaa chini, akasema: "Nimekuja mnieleze."

Baba alirudisha nusu. Nusu nyingine ilishaliwa. Mpaka leo nikikutana na yule mzee barabarani naamkia nikiwa nimeangalia chini.

Kwa hiyo ninaposema bei ya haki, siongelei wanunuzi tu. Muuzaji anayeficha kidonda na mnunuzi anayetoa ahadi hewa ni watoto wa mama mmoja. Wote wanategemea mwenzao hana njia ya kujua.

UKIUZA AU UKINUNUA, FANYA HIVI

Hata kama wewe ni wa mjini, iko siku utamnunulia mzee wako ng'ombe, au utatumwa umuuzie. Hifadhi hii.

1. Fungua mdomo wa ng'ombe kabla hujafungua wako. Ng'ombe hana meno ya mbele juu, anayo chini tu, nane. Jozi ya kwanza ya meno ya kudumu inatoka karibu miaka miwili, na akikaribia miaka mitano zote nne zimetimia. Baada ya hapo hazitoki mpya, zinalika tu. Meno yaliyolika sana maana yake atashindwa kula vizuri kiangazi. Hapo punguza bei kwa sababu inayoonekana, sio kwa maneno.

2. Mtembeze, kisha mfunge nira. Mnyama mzee aliyesimama zizini hakuambii kitu. Mgeuze pande zote, mrudishe nyuma, gusa bega na shingo. Muuzaji akikataa asifungwe nira, ondoka.

3. Jua sakafu. Piga simu bucha mbili, uliza wangetoa ngapi. Ukiwa muuzaji hutalaliwa. Ukiwa mnunuzi hutaaibika kwa kutaja bei ya kuku.

4. Tenganisha shida ya mtu na bei ya mnyama. Mzee akikwambia anataka hela ya mbolea au ya hospitali, hiyo haijapunguza hata kilo moja ya ng'ombe wake. Shida ya muuzaji inapunguza nguvu ya kubishana, na anayeitumia hiyo anajijua.

5. Kama kuna ahadi, iandike. Karatasi ya daftari inatosha. Mashahidi wawili, mmoja kila upande, na mkipitia kwa mwenyekiti wa kitongoji ni bora zaidi, maana hata kumsafirisha ng'ombe huwa mnahitaji kibali. Andika hivi: bei ya soko ni hii, nimepunguza kiasi hiki kwa sababu hatachinjwa wala kuuzwa. Akiuzwa, tofauti inarudi kwangu, au ng'ombe anarudi kwangu kwanza. Wenye farasi wanafanya hivyo. Sisi tunaona aibu, tunaona kama kumwambia mtu aandike ni kumwita mwizi. Mwizi ndiye anayependa tuendelee kuona aibu.

6. Kama unataka kusaidia, saidia. Lipa bei kamili halafu mtunze. Huruma inayoanza kwa kuomba punguzo ina walakini.

NENO KWA STAA WANGU

Kaka, najua unasoma, kwa sababu DM uliiona.

Sijaja kukuchafua. Ungetaka biashara ungesema biashara, tungekuheshimu, watu wa huku wote ni wafanyabiashara, mahindi na viazi vinatoka kila siku. Lakini wewe uliomba punguzo kwa jina la huruma, ukapata video, ukapata watazamaji, ukapata na 470,000 juu yake. Mzee kapata muziki wa huzuni.

Sidai milioni na nusu. Sidai hata ile 1,050,000 niliyopiga hesabu mimi. Nadai ile 430,000 aliyokuachia baba mkubwa ili Kofia azeeke. Kofia hayupo tena, basi hela irudi kwa mwenyewe. Njoo bila kamera. Au ukitaka njoo nayo, mimi mwenyewe nitakushikia simu nirekodi unavyohesabu.

Wiki iliyopita nilimkuta baba mkubwa ameitundika ile nira ukutani, upande wa Kofia umelainika kwa jasho la miaka minane, unang'aa. Nikamuuliza kwa nini asiiuze, kuna mtu anatafuta. Akasema ataiuza, ila kwanza ana ufa mmoja anataka auonyeshe kwa mnunuzi asije akasema hakuambiwa.

Haya, tiririkeni hapo chini. Ungekuwa wewe ndiye mzee, ungemuuzia nani: mwenye bucha wa 880,000 au staa wa 450,000 na ahadi? Na kama kuna kitu kizee umewahi kununua kwa ahadi na hujaitimiza, leo ndio siku ya kupiga hiyo simu.